Peggy Ashcroft, mchezaji asiyedharau sehemu ndogo



Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza alituonyesha sisi wa mwaka wa sita filamu moja ya zamani katika kompyuta yake. Tulikuwa wengi mbele ya kioo kidogo, wengine wamesimama juu ya mabanko, wengine wanachungulia kwa dirisha. Filamu ile inaitwa The Nun's Story. Ilitoka mwaka 1959, na picha zake za Afrika zilipigwa katika nchi yetu, mwaka 1958, kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Tulipoona mto na mitumbwi tulipiga kelele kama watu waliokutana na ndugu yao sokoni. Halafu mwalimu akasimamisha picha juu ya uso wa sista mmoja mwenye umri, akauliza: «Huyu ni nani?» Kila mmoja alimjua Audrey Hepburn, kijana mwenye macho makubwa. Lakini yule wa pembeni, hakuna aliyemjua. Mwalimu akasema: «Muandike jina lake. Mutapenda kumujua.»

Jina ni Peggy Ashcroft. Katika Uingereza alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa teatri katika karne iliyopita. Nimeombwa kuandika somo juu ya maisha ya kazi yake, na nimekubali kwa furaha. Ninayo pia sababu yangu mimi mwenyewe, mutaiona mbele.

MWANZO WAKE

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1907 katika Croydon, mji ulio upande wa kusini wa London. Majina yake kamili ni Edith Margaret Emily Ashcroft. «Peggy» ni jina la kubembeleza, Waingereza wanalitumia kwa Margaret, sawa vile sisi tunafupisha majina ya nyumbani. Baba yake alikufa katika vita ya kwanza ya dunia, mtoto akiwa bado mudogo. Mama yake alipenda kucheza teatri bila mshahara, lakini hakuipenda kazi hiyo kwa binti yake. Mutoto alishinda. Akiwa na miaka 16 aliingia katika shule ya wachezaji ya London iliyoongozwa na Elsie Fogerty, mwanamke mkali aliyefundisha namna ya kutoa sauti.

Katika shule hiyo alimkuta kijana mwenye umri karibu sawa na wake, Laurence Olivier, ambaye baadaye jina lake lilijulikana dunia nzima. Siku moja hawa wawili walicheza pamoja sehemu ya hukumu kutoka mchezo wa Shakespeare ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Olivier alikuwa Shylock, yule mkopeshaji mwenye kudai ratili ya nyama ya mtu. Ashcroft alikuwa Portia, msichana anayejivika mavazi ya mwanasheria ili kuokoa rafiki wa mume wake. Walipewa zawadi moja, wakagawana. Kutoka hapo njia zao zilikutana mara nyingi, lakini hazikufanana, na ninyi mushike jambo hili, kwa maana tutalirudilia.

Kintu kimoja kilichomugusa sana wakati wa masomo hakikutoka kwa waalimu wake. Kilitoka katika kitabu cha Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyeongoza teatri moja ya Moscow. Yeye alifundisha kwamba mchezo ni kazi ya kundi zima, si ya mtu mmoja nyota na wengine kumushikia kanzu. Leo mchezaji mkuu, kesho wewe njo mwenye kufungua mlango. Peggy alisoma hayo akiwa kijana, na ukitazama maisha yake yote utaona kama hakuyasahau.

Mwaka 1926 alianza kazi ya mshahara katika mji wa Birmingham, katika mchezo Dear Brutus, pamoja na Ralph Richardson, kijana mwingine ambaye alikuja kuwa mkubwa. Miaka iliyofuata alicheza hapa na pale, kama kila mwanzishi.

DESDEMONA NA PAUL ROBESON

Hapa ninataka kukaa kidogo, sababu jambo hili linatugusa sisi Waafrika.

Mwaka 1930, katika Savoy Theatre ya London, waliandaa Othello. Wale ambao hawajasoma mchezo huu: Othello ni jenerali mwenye ngozi nyeusi katika jeshi la Venisi. Anaoa Desdemona, binti wa mzee mkubwa wa mji, bila ruhusa ya baba. Askari wake mmoja, Iago, anamchukia, na anamutilia sumu ya wivu masikioni, neno baada ya neno, mpaka Othello anaua mke asiye na kosa. Kwa miaka mingi Waingereza walizoea kumwona mzungu aliyejipaka rangi akicheza Othello. Mweusi mmoja alikwisha kuicheza London, Ira Aldridge wa Marekani, hata mwaka 1833 katika Covent Garden, lakini hiyo ilikuwa karibu miaka mia moja nyuma.

Sasa walimwita Paul Robeson. Yeye pia alikuwa Mmarekani mweusi, mwimbaji mwenye sauti nzito kama ngoma kubwa, mtu aliyesoma sheria. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Na Desdemona alikuwa Peggy Ashcroft, mwenye miaka 22.

Katika mchezo, bwana na bibi wanabusiana. Kwa jambo hilo tu Peggy alipokea barua za matusi kutoka kwa watu asiowajua. Hoteli yenye jina lile lile la Savoy iko ubavuni mwa teatri. Mwaka 1929 Robeson alikwisha kukataliwa kula katika chumba chake cha chakula. Fikirini basi: mtu ambaye jina lake litaandikwa kwa taa juu ya mlango wa teatri, mlango wa jirani unamufungia. Ashcroft alisema baadaye kwamba mchezo ule ulimufungua macho juu ya ubaguzi wa rangi. Hakuacha sehemu yake. Aliicheza mpaka mwisho.

Robeson mwenyewe alirudi kucheza Othello huko New York mwaka 1943, na mchezo ukachezwa mara 296, hesabu ambayo kwa Shakespeare haikuwa imeonekana kule. Lakini kati ya hizo mbili alikubali kucheza katika filamu Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu yenye kusifu utawala wa Waingereza juu ya Waafrika, na aliijutia. Ndani yake, kati ya watu wa pembeni, alikuwamo mwanafunzi mmoja Mkikuyu aliyekuwa London: Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kenya. Ninaona ni vizuri kujua kwamba hata rais alipita njia ya sehemu ndogo.

MIAKA YA TEATRI

Katika mwaka 1932 Peggy aliingia Old Vic, teatri ya London ambako watu wa mshahara mudogo waliweza kuona Shakespeare kwa bei ndogo. Kazi pale ilikuwa ngumu: mchezo mmoja unachezwa usiku, mwingine unajifunzwa mchana. Mwaka 1935 alikuwa Juliet katika Romeo and Juliet iliyoongozwa na John Gielgud. Gielgud na Olivier walibadilishana: wiki kadhaa mmoja alikuwa Romeo na mwingine Mercutio, halafu wakageuza. Watu wa London walibishana mitaani juu ya nani anapita mwenzake, sawa kwetu watu wanavyobishana juu ya mpira. Juliet hakubadilishwa. Alikuwa yeye tu, na waume wawili wa jukwaani.

Mwaka ule ule alionekana katika filamu ya Alfred Hitchcock, The 39 Steps, kama mke wa mkulima maskini wa Scotland. Ni dakika chache tu. Mume ni mzee mchungu na bahili; mke ni kijana anayetamani kusikia habari za mji. Anamsaidia mgeni aliyefukuzwa na polisi, na tunaelewa kwamba mume atamwadhibu. Baada ya hapo haonekani tena. Mwalimu alituonyesha kipande hicho pia. Dada mmoja wa klasi yetu alisema polepole: «Ule mwanamuke anateseka.» Filamu ina makimbizi, treni, risasi, lakini ni yeye ambaye dada yetu alibaki anamuzungumza njiani tukirudi.

Ningeweza kuwapa orodha ndefu ya michezo, lakini orodha inachosha. Inatosha kusema: Shakespeare, Chekhov wa Urusi, Ibsen wa Norwe, yote alicheza. Kwa Hedda Gabler ya Ibsen, aliyoicheza mwaka 1954, mfalme wa Norwe alimpa medali. Mwaka 1956 malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Dame, ambacho kwa wanawake ni kama «Sir» kwa wanaume. Tusimufanye malaika: ndoa zake tatu zote zilivunjika, na kazi ya usiku katika teatri si rafiki wa nyumba. Ninalisema kwa sababu wengine wanawaza kwamba mtu mwenye sifa haoni shida.

Olivier alikwenda Hollywood, akawa nyota wa sinema, akaongoza filamu zake mwenyewe. Ashcroft alibaki kwenye mbao za jukwaa. Filamu alizocheza katika miaka ile ni za kuhesabu kwa vidole.

FILAMU YA STANLEYVILLE

Sasa turudi kwa ile tuliyoiangalia. Mwongozi wake alikuwa Fred Zinnemann. Hadithi inatoka katika kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956: msichana wa Ubelgiji anaingia katika nyumba ya masista, anataka kutumika Congo kama muuguzi, na mwisho anatoka utawani. Ashcroft ni Mama Mathilde, mkubwa wa masista wa Congo. Kabla ya kupiga picha, Zinnemann aliwaweka wachezaji wake wanawake katika nyumba za masista huko Paris, wakati wa baridi kali, wapate kuona namna wanatembea, wanakula, wananyamaza. Mwanamke mwenye cheo cha Dame, mwenye miaka 50, alirudi kuwa mwanafunzi.

Angalieni mikono yake katika filamu hiyo. Mama Mathilde hafanyi makubwa. Anapokea wageni, anatoa amri kwa upole, anasikiliza. Filamu nzima ni juu ya Sista Luke, na Ashcroft hajaribu hata mara moja kumunyang'anya watazamaji. Anampa nafasi. Mara ya kwanza nilisema moyoni: huyu mama hafanyi kintu. Mara ya pili nikaona kwamba Hepburn anaonekana kijana na mwenye wasiwasi kwa sababu mbele yake kuna mtu aliyetulia namna ile.

Kwa wasomaji wa shule ya Kiprotestanti nitaongeza jambo moja. Sehemu ya picha zilipigwa upande wa Yakusu, misioni ya Wabaptisti wa Uingereza iliyo kandokando ya mto, chini kidogo ya Stanleyville. Pale alikuwako daktari Stanley Browne, mtaalamu wa ugonjwa wa ukoma, aliyetumika kule tangu mwaka 1936 na kufundisha wauguzi wengi wa nchi yetu. Watu wa filamu walikutana naye. Alizaliwa mwaka 1907, sawa na Peggy Ashcroft.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika filamu hiyo watu wetu ni wagonjwa, watumishi na watu wa kupita. Hospitali ya wazungu iko mbali na ya weusi, na hilo halikuwa la kubuni, lilikuwa hivyo. Kuna muuguzi mweusi anayeitwa Illunga. Tuliposikia jina hilo klasi nzima ilicheka kwa furaha, maana kati yetu peke yetu tunao watatu wenye kuitwa Ilunga. Aliyelichukua jina hilo ni Errol John, mtu wa Trinidad. Na Kalulu, jina ambalo kwetu ni la sungura mwenye akili wa hadithi za bibi, alichezwa na Orlando Martins wa Nigeria. Wachezaji wazuri, siwadharau. Lakini nilijiuliza: katika Congo nzima ya mwaka 1958, hakukuwa Ilunga hata mmoja wa kweli mwenye kuweza kucheza?

Walikuwako. Wazee wa Lubumbashi wanaweza kuwaeleza. Mufwankolo na kundi lake walikuja kujulikana Katanga nzima kwa michezo yao katika Kiswahili cha kwetu, kile cha nyumbani na cha soko, kwanza masikioni mwa watu kwa redio, halafu machoni kwa televisheni. Hawakuwa na maandishi. Walikaa, walizungumza wazo moja, waligawana sehemu, halafu kila mmoja alitafuta maneno yake katika repetisio, mpaka mchezo ukasimama. Mwaka 1981 Walter Schicho na Ndala Mbayabo walitoa huko Vienna kitabu juu ya kundi hilo. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo kuanzia methali yenye kusema kwamba mamlaka huliwa mazima, haigawanywi, wakaucheza katika kijiji cha Kawama karibu na Lubumbashi, na televisheni ikaupiga picha. Mwanachuoni Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya mchezo huo, kilitoka mwaka 1990, pamoja na maneno ya Kiswahili vile yalivyosemwa. Kiswahili hicho hicho ambacho sisi tunaona haya kukitumia mbele ya wageni.

Ashcroft alikuwa na maneno ya Shakespeare yaliyoandikwa miaka mia tatu na zaidi kabla yake. Mufwankolo alikuwa na kichwa chake na wenzake. Lakini wote wawili walitumika ndani ya kundi, miaka na miaka, na watu wale wale. Mchezaji anayemujua mwenzake hashituki mwenzake akisahau neno. Anamushika.

MALKIA MARGARET

Kama ningepewa kuona jioni moja tu ya maisha yake, ningechagua hii. Mwaka 1960 kijana Peter Hall, asiyefika hata miaka 30, alianza kuongoza teatri ya Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare. Alitaka kuunda kundi la kudumu, wachezaji watie sahihi kwa miaka kadhaa, siyo kuja na kwenda. Wengi waliona ni ndoto. Alimwendea Peggy Ashcroft kwanza, na yeye akakubali. Wakubwa wengine wakamfuata. Kundi hilo lilipewa jina la Royal Shakespeare Company mwaka 1961, na liko hata leo.

Mwaka 1963 walicheza The Wars of the Roses. Peter Hall na John Barton walichukua michezo minne ya Shakespeare juu ya vita vya wafalme wa Uingereza, wakaifanya mitatu. Ashcroft alikuwa Margaret. Katika mchezo wa kwanza Margaret ni msichana Mfaransa, anakuja kuolewa na mfalme zaifu. Katikati ni malkia mwenye kuongoza jeshi, mkali kuliko waume, anayemudhihaki adui aliyefungwa kabla ya kumuua. Mwisho ni kizee aliyepoteza mume, mtoto na kiti, anazungukazunguka katika nyumba ya kifalme na kuwalaani waliobaki, na laana zake zinatimia moja moja. Ashcroft alikuwa na miaka 55. Alianza msichana, akamaliza kizee. Kuna siku walicheza michezo yote mitatu toka asubuhi mpaka usiku. BBC waliitangaza kwa televisheni mwaka 1965, ndiyo maana imebaki.

Margaret si mwenye mchezo. Michezo inaitwa kwa majina ya wafalme, Henry na Richard. Watu walikuwa wameizoea michezo ya Henry kama vitu vya kupita haraka. Yeye alichukua vipande vyake kutoka michezo mbalimbali, akavishona kama nguo moja, na watazamaji wakaona mwanamke mzima.

Jukwaa aliliaga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baada ya hapo, ajabu, sinema ikamkumbuka. Mwaka 1984 televisheni ya Uingereza ilionyesha The Jewel in the Crown, hadithi ndefu ya vipande 14 juu ya siku za mwisho za Waingereza katika India. Humo ni Barbie Batchelor, mwalimu mzee wa shule ya misioni aliyestaafu, anayesemasema sana na kuchekwa na wakubwa, na ambaye polepole anapoteza tumaini. Waalimu wetu wataniwia radhi, lakini ninawaza hakuna mchezaji aliyeheshimu mwalimu wa misioni kama yeye. Mwaka ule ule alikuwa Bibi Moore katika A Passage to India ya David Lean. Kwa sehemu hiyo alipewa Oscar mwezi wa tatu 1985, akiwa na miaka 77. Hakuwako ukumbini kuipokea. Zawadi hiyo ni ya wachezaji wasaidizi, siyo ya mchezaji mkuu. Alikufa London tarehe 14 Juni 1991.

SABABU YANGU

Sasa niseme lile nililoahidi. Mwaka jana, kwa sikukuu ya kufunga masomo, tulitengeneza mchezo juu ya mahari. Nilitaka kuwa baba wa msichana. Walinipa mulinzi wa mlango. Maneno yangu yote yalikuwa haya: «Bwana mukubwa, bageni banafika.» Maneno manne! Mimi, mwenye kupiga kengele, mwenye kuandika majina ya wachelewaji. Nilikasirika, nikakosa repetisio mara tatu, na kama kapita wa wanafunzi nilikuwa kila siku na kisingizio tayari.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa mpaka nje, wazazi, watu wa mtaa, watoto juu ya madirisha. Baba alisimama, akatazama mlango, akangoja wageni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia ninazungumza na rafiki. Sikujua kama ni wakati wangu. Baba akakohoa. Akakohoa tena. Watu wakaanza kucheka, na kile kilikuwa kipande cha huzuni. Ndipo dada aliyecheza mama, ambaye hakuwa na neno pale, akasimama akapiga makofi kwa hasira: «Ule mulinzi analala tena! Mimi mwenyewe minasikia miguu ya bantu ku mulango!» Watu wakacheka, lakini sasa walicheka ndani ya mchezo. Wageni wakaingia. Mchezo ukaokoka. Baadaye kila mtu alimpongeza baba. Dada yule alikwenda kukunja vitambaa. Mimi sikumwambia asante, na sasa ameisha maliza masomo. Kama gazeti hili linamufikia, asante, dada.

Mwaka huu tunatengeneza mchezo mwingine, katika Kiswahili cha kwetu, na mara hii fedha za mlango zinayo kazi. Wenzetu wawili wa mwaka wa sita hawajamaliza kulipa ada ya mtihani wa Serikali. Sitaandika majina. Wanakaa na sisi kwenye banko moja, wanajua masomo kutupita, na siku ya mwisho ya kulipa inakaribia. Mchezo ukiwa mubaya, watu watasambaza habari usiku wa kwanza, na usiku wa pili viti vitakuwa wazi.

Tumeisha pata mufalme, tena tumepata wafalme watano wenye kugombania kiti. Kila mutu ninayemuuliza ananijibu: «Kapita, mi nitacheza, lakini si ile kintu ya bure.» Mimi mwaka huu nimechukua kazi ya kufungua pazia na kuwakumbusha maneno wenye kusahau. Sitaonekana hata mara moja.

Zimebaki sehemu mbili. Moja ni bibi kizee anayekaa pembeni ya moto katika vipande vyote vitatu. Anasema mara mbili tu, lakini anasikiliza muda wote, na kusikiliza mbele ya watu mia tatu njo ngumu kuliko kusema. Ya pili ni mtumishi anayeleta maji. Huyo ana maneno sita. Repetisio ni Jumanne na Alhamisi baada ya etidi, katika klasi ya mwaka wa nne. Muje na saa.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, kapita wa wanafunzi
Buluo, Likasi